Samaki siku tatu, mzamiaji dakika tatu

Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na chemba ya kutibu wazamiaji iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kigoma. Anayeumwa bega baada ya kupiga mbizi hulaumu baridi na kutafuta joto. Mwandishi wetu amefuatilia kwa nini hesabu hiyo haitoki.

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Kamba ina mafundo, kila fundo mita 3. Mwisho wake, ndani ya maji ya ghuba ya Kigoma, linaning'inia pipa la plastiki la bluu lililotobolewa matundu pande zote. Humo wamo samaki wa mapambo dazeni moja hivi, wenye nundu kwenye paji la uso na milia saba myeusi ubavuni. Ni aina ambayo wafugaji wa Ulaya na Marekani huijua kwa jina la kitaalamu, Cyphotilapia frontosa, na wanailipia vizuri.

Juzi walikamatwa mita 30 chini, wakapandishwa hadi fundo la tano. Jana wakafikishwa fundo la pili. Leo asubuhi wanatolewa juu, na ndani ya boti hakuna mwenye haraka. Ukiwavuta kwa mkupuo mmoja, hewa iliyo kwenye kibofu chao cha kuelea inavimba, macho yanatoka nje, utumbo unasukumwa hadi mdomoni, na pesa imekufa.

Kijana aliyewakamata ameketi tezini, kikombe cha chai ya rangi mkono wa kulia, wa kushoto anajichua bega. Yeye mwenyewe juzi alitoka mita hizo hizo 30 kwa dakika tatu hivi.

Nikamuuliza bega lina nini. Akasema ni baridi yabisi, maji ya chini yamemwingia. Jioni ataoga maji ya moto, atachuliwa kwa mawese yaliyopashwa, na asubuhi atakuwa mzima. Hakutaka jina lake liandikwe, nami sikuwa na sababu ya kulitaka.

Makala haya yanahusu bega hilo. Limebeba kosa moja ambalo hata watu wa pwani, waliozoea mbizi kuliko sisi wa ziwani, hulifanya: kuulaumu ubaridi kwa kazi iliyofanywa na presha, kisha kutaka joto lirekebishe.

Hesabu ya mafundo

Vitabu vya shule husema kanieneo. Ziwani, gereji na kwa wenye mitungi ya gesi watu husema presha, nami nitafuata hao, ingawa neno lenyewe lina mtego. Mzamiaji akifika hospitali na kueleza kwamba ameumizwa na presha ya kushuka, muuguzi atamfunga kitambaa cha kupimia mkononi, na atakuwa sahihi kabisa kufanya hivyo. Kwa Kiswahili cha hospitalini, presha ni ya damu.

Presha ya makala haya ni uzito wa hewa na maji juu ya kiumbe. Baharini, hewa peke yake inatukandamiza kwa bari 1.01. Hapa Kigoma, kwa kuwa ziwa liko juu, ni bari 0.92 hivi. Ukizama, kila mita 10 za maji matamu zinaongeza bari 0.98. Kwa hiyo samaki wa mita 30 alikuwa anaishi ndani ya bari 3.86, na juu anakuta 0.92.

Robert Boyle, Mwingereza mzaliwa wa Ireland, alishachapa kanuni yake mwaka 1662: joto lisipobadilika, ukipunguza presha kwa nusu, hewa inachukua nafasi mara mbili. Samaki wetu akitolewa ghafla kutoka mita 30, hewa ya kibofu chake inataka nafasi mara 4 na zaidi. Hana mahali pa kuiweka.

Dagaa ana nafuu, kwa kuwa kibofu chake kina njia ya kutolea hewa. Mgebuka na hawa wenye nundu wamefungwa. Ndiyo maana asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi unaweza kumkuta mgebuka aliyetoka kina kirefu utumbo umejaa mdomoni, na pembeni yake dagaa waliovuliwa usiku ule ule wako kama walivyoumbwa.

Sasa tazama mafundo. Kutoka mita 30 hadi 15, kisha 15 hadi 6, kisha 6 hadi juu. Hatua zinaonekana hazilingani: mita 15, mita 9, mita 6. Lakini ukipiga hesabu ya presha, kila hatua inaivimbisha hewa kwa kiasi kile kile, mara 1.6 hivi. Mita 6 za mwisho zina nguvu sawa na mita 15 za kwanza. Aliyefunga mafundo yale hakusoma hesabu hiyo popote; alijifunza kwa samaki waliokufa.

> Mita 6 za mwisho zina nguvu sawa na mita 15 za kwanza

Kuna mtu aliyeisoma kwa mbuzi. John Scott Haldane, mwanafiziolojia wa Uskoti, alikodiwa na jeshi la majini la Uingereza kutafuta namna ya kuwapandisha wapiga mbizi bila kuwalemaza. Aliwafungia mbuzi ndani ya chemba ya chuma, akawapandishia presha, akaishusha, kisha akatazama nani anainua mguu kwa maumivu. Mwaka 1908 yeye na wenzake Boycott na Damant walitoa jibu: mwili unavumilia presha kushuka kwa nusu, si zaidi, kwa hiyo mpandishe mtu kwa vituo. Baharini, nusu hiyo ni mita 10. Hapa Kigoma, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi, ni mita 9.4.

Majedwali ya siku hizi yameongeza mengi juu ya kanuni ya mbuzi, ila wazo la vituo limebaki. Na kila jedwali la mbizi lililotengenezwa kwa bahari linataka marekebisho ukivuka mita 300 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko zaidi ya mara mbili ya hapo. Mita 30 za Kigoma zinafaa kuhesabiwa kama mita 32 au 33 za Unguja. Mtu aliyejifunza mbizi Nungwi na kuja huku na saa yake na jedwali lake lile lile anajidanganya, na hakuna kitakachomwambia, kwa kuwa maji ni safi na ya uvuguvugu.

"Ya moto au ya baridi?"

Kibofu cha samaki ni kitu cha kuonekana. Bega la mzamiaji ni jambo la ndani zaidi, na ili kulielewa inabidi uende dukani.

Ukiomba soda popote Tanzania, swali la kwanza ni hilo: ya moto au ya baridi? Ya moto maana yake haijawekwa kwenye friji. Zifungue zote mbili. Ya baridi inatoa mlio mfupi na kutulia. Ya moto, hasa ikiwa imetikiswa kwenye bodaboda, inafurika hadi viatuni.

Gesi ilikuwa imeyeyuka ndani ya soda kwa nguvu ya presha. Kizibo kilipoondoka, presha ilianguka, na gesi ikatoka kwa viputo. Tofauti ya chupa mbili ni joto: kimiminika cha baridi hushika gesi nyingi, cha moto huiachilia. William Henry wa Manchester aliandika mwaka 1803 sehemu ya presha ya jambo hili. Sehemu ya joto muuza duka yeyote anaijua.

Mzamiaji ni chupa. Kila dakika anayokaa chini akivuta hewa ya mtungi au ya mpira wa kompresa, nitrojeni inayeyuka kwenye damu, mafuta na viungo vyake. Akipanda taratibu, inarudi mapafuni na kutoka kwa pumzi. Akipanda haraka, inageuka viputo pale pale ilipo. Kwenye kiungo, ni maumivu ya bega au goti. Kwenye uti wa mgongo, ni miguu kufa ganzi na mkojo kuziba. Kwenye ubongo, ni kizunguzungu, macho kupoteza nuru, na mengine ambayo hayana subira.

Mfaransa Paul Bert alithibitisha mwaka 1878 kwamba adui ni nitrojeni inayotoka kwa viputo. Kabla ya hapo vibarua waliochimba misingi ya daraja la Brooklyn, New York, ndani ya masanduku ya mbao yaliyojazwa hewa ya presha, walikuwa wakitoka kazini wamepinda kwa maumivu, na mwaka 1872 mhandisi wao mkuu, Washington Roebling, akalemazwa na ugonjwa huo huo.

Turudi kwa maji ya moto ya jioni. Ndani ya mwili ni nyuzijoto 37, wakati wa kiangazi na masika. Hata ukilipasha bega kwa nyuzi 6 nzima, kiputo kilichoko humo kinabadilika ukubwa kwa sehemu 2 tu kwa 100, na kinabadilika kwa upande usioutaka: kinavimba. Zaidi ya hapo, ngozi na nyama zinazopata joto ghafla zinaachilia nitrojeni kabla damu haijapata muda wa kuibeba, kama ile soda. Wakufunzi wa mbizi huwakataza wanafunzi wao kuingia kwenye maji ya moto mara tu wanapotoka majini, na sababu ni hiyo.

Kuna uwezekano kijana wangu ana yabisi kweli. Bega huuma kwa mambo mengi, na nyavu ni nzito. Lakini maumivu yaliyoanza saa moja baada ya kutoka mita 30, kwa mtu wa umri wake, yanatakiwa kuhesabiwa kuwa ya viputo hadi mwenye ujuzi aseme vinginevyo. Joto linaweza kuyapooza kwa usiku mmoja. Ndiyo hatari yake.

> Jina "baridi yabisi" linalaumu baridi kwa kazi ya presha

Pampu ya baiskeli na mtungi uliopungua

Si kwamba joto na presha havijuani. Vinajuana sana, ila kwenye chuma.

Nenda kwa fundi baiskeli yeyote pale Mwanga, mjini Kigoma, umwombe pampu. Jaza tairi la nyuma la baiskeli ya mizigo, kisha shika sehemu ya chini ya pampu. Inaunguza. Hewa iliyobanwa haraka inapata joto, kwa kuwa kazi ya mkono wako imeingia ndani yake. Fungua valvu, hewa itokayo ni ya baridi kwenye vidole.

Sasa ifanye pampu kuwa kompresa na tairi kuwa mtungi wa mzamiaji. Mtungi unajazwa juani, haraka, mpaka geji isome bari 200. Ukiushika ni wa moto, tuseme nyuzi 55. Mzamiaji analipa, anaupakia, anaingia nao kwenye maji ya nyuzi 26. Baada ya muda geji inasoma 182 na hajavuta hata pumzi moja.

Wapo waliogombana na mwenye kompresa kwa jambo hili, wakidhani wamepunjwa au valvu inavuja. Hakuna hewa iliyopotea. Guillaume Amontons, Mfaransa aliyekuwa kiziwi tangu ujana, alishaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1700 kwamba hewa iliyofungwa mahali pamoja presha yake hupanda na kushuka pamoja na joto. Hesabu yake inataka tu usianzie kwenye sifuri ya barafu, bali nyuzi 273 chini yake. Kwa hali ya hewa yetu, kila nyuzi moja inabadilisha presha kwa sehemu 1 kwa 300. Kwa mtungi wa bari 200, nyuzi 3 ni bari 2.

Kwa hiyo anayejua hujaza polepole, mtungi ukiwa kivulini, anauacha upoe, kisha anaongeza. Bari 18 alizozikosa yule mwenye haraka zinaweza kuwa ndizo za kituo chake cha mita 6. Nimeona sana watu wakikata kituo kwa sababu hewa imewaishia, sijaona hata mmoja akikikata kwa sababu ya baridi.

Ndani ya chemba

Chemba ya tiba ni pampu hiyo hiyo, ila wewe uko ndani.

Mgonjwa anaingizwa kwenye silinda kubwa ya chuma, mlango unafungwa, hewa inasukumwa mpaka presha ifike ya mita 18 za bahari, bari 2.8 hivi. Kama hewa ya nyuzi 27 ingebanwa hivyo kwa ghafla, na joto lisipate pa kukimbilia, ingefika nyuzi 129. Haifiki, kwa sababu kuta za chuma zinalinyonya na mwendeshaji anapandisha kwa dakika kadhaa. Hata hivyo mgonjwa anatokwa jasho, masikio yanabana, na anaambiwa ameze mate kama aliye kwenye basi linaloshuka Kitonga.

Kisha linatokea jambo linalowachanganya wageni. Presha ikishafika, hewa inapoa, na geji inaanza kushuka. Kupoa kutoka nyuzi 35 hadi 27 kunapunguza kina cha chemba kwa sentimita 70 hivi za maji. Mwendeshaji anaongeza hewa kidogo, anangoja, anaongeza tena. Na mwisho, presha inapopunguzwa, hewa inapoa ghafla na ukungu unajaa chemba nzima, mweupe, kama ule wa ziwani alfajiri. Mgonjwa asiyeambiwa mapema hudhani ni moshi.

Tiba ya kawaida, inayojulikana kama jedwali la 6 la jeshi la majini la Marekani, huchukua dakika 285: karibu saa 5 za kuvuta oksijeni tupu, kwanza kwa vipindi vya dakika 20 na mapumziko ya dakika 5 ya hewa ya kawaida katikati, kisha kwa vipindi virefu zaidi; mapumziko yapo kwa kuwa oksijeni ya presha ikizidi huleta kifafa. Presha peke yake hupunguza kipenyo cha kiputo kwa chini ya theluthi. Kazi iliyobaki ni ya oksijeni, ambayo inaifukuza nitrojeni mpaka kiputo kimeisha.

Jeshi hilo limeweka mipaka ya joto pia. Chini ya nyuzi 29, tiba zote zinaruhusiwa. Kati ya nyuzi 29 na 34, mtu asizidishe saa 6. Ikizidi nyuzi 40, hakuna tiba. Kwa mtu anayeota chemba hapa Kigoma, maana yake ni kwamba kiyoyozi na umeme usiokatika ni sehemu ya dawa.

Joto lina sura nyingine mbaya zaidi humo: moto. Tarehe 31 Oktoba 1997, katika hospitali moja ya Milan, Italia, watu 11 waliungua hadi kufa ndani ya chemba baada ya kifaa cha kupasha mikono alichoingia nacho mgonjwa kuwasha moto uliochochewa na oksijeni. Mgonjwa yule alisikia baridi, basi.

Wamarekani walipima baridi yetu

Hapa inabidi nijipinge kidogo, kwa kuwa nimeandika kana kwamba joto la mzamiaji halina maana.

Mwaka 2007 kitengo cha majaribio ya mbizi cha jeshi la majini la Marekani, kilichoko Panama City, Florida, kilichapa matokeo ya majaribio ya mbizi za mita 37. Wengine walikaa chini kwenye maji ya nyuzi 36 na kupandishwa kwenye maji ya nyuzi 27. Wengine kinyume chake. Ratiba ya kupanda ilikuwa moja.

Waliokuwa na joto chini na baridi wakati wa kupanda, mbizi 32 za dakika 30, zilizozaa ugonjwa ni 7. Waliokuwa na baridi chini na joto wakati wa kupanda walikaa chini muda mrefu zaidi ya mara mbili, dakika 70, na kati ya mbizi 158 ni 2 tu zilizozaa ugonjwa.

Sababu ni damu, wala si ukubwa wa kiputo. Mtu mwenye joto anafanya kazi, mishipa iko wazi, nitrojeni inaingia kwa wingi. Akipoa wakati wa kupanda, mishipa inabana na nitrojeni inakosa njia ya kutoka.

Na tazama: "baridi" ya majaribio yale ni nyuzi 27. Ndiyo nyuzi za ziwa letu siku nzuri. Ziwa Tanganyika halina baridi ya kutetemesha. Hata zaidi ya mita 1,000 chini bado ni nyuzi 23 na ushee. Ila mzamiaji anayevuta nyavu kwa nguvu chini, kisha akaning'inia kwenye kamba bila kujigusa, akiwa na kaptura na fulana, amejiweka katika kundi la zile mbizi 32. Vazi la mpira hata la kuazima lingemsaidia pale, kwenye kituo. Joto lina kazi wakati wa kupanda. Likija jioni na mawese, limechelewa.

Njia yote ni mlima

Tuseme sasa kijana amekubali kwamba ana viputo. Aende wapi?

Chemba ambayo wazamiaji wa Tanzania wamezoea kuitaja kwa miaka mingi iko Matemwe, kaskazini-mashariki ya Unguja. Kwa Kenya ni kituo cha jeshi la majini Mtongwe, Mombasa. Zote ziko baharini, na kati yetu na bahari nchi imeinuka.

Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inaanza kupanda ikiliacha ziwa. Tabora ni kama mita 1,200. Hapo presha imeshuka kwa sehemu 5 kwa 100, na kiputo kimevimba kiasi hicho. Basi la Kasulu linapanda vivyo hivyo. Mzamiaji anayetoka majini saa nane na saa kumi yuko kwenye basi kwenda kwa wazazi wake huko juu amepanda ndege bila kujua.

Ndege yenyewe ni zaidi. Ndani ya ndege ya abiria hewa hushushwa hadi ile ya mlima wa mita 2,400 hivi. Kutoka Kigoma, kiputo kinavimba kwa zaidi ya sehemu 20 kwa 100. Ndiyo maana hata mzima anaambiwa angoje saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, kabla ya kuruka. Mgonjwa anahitaji ndege inayoweza kushikilia presha ya ardhini, au rubani anayekubali kuruka chini, na oksijeni njia nzima.

Kitu pekee kinachosafiri bila kupanda ni boti. Kutoka Kipili hadi Kigoma, kilomita kwa kilomita, mgonjwa anabaki mita 773.

> Mzamiaji aliyepanda basi la Kasulu amepanda ndege bila kujua

Chemba, mtungi au kamba

Ukikaa na watu wa mbizi unasikia mambo matatu.

Wa kwanza wanataka chemba Kigoma, pengine katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Hoja yao si ya wazamiaji peke yao, ambao ni wachache. Chemba hutumika pia kwa vidonda vya kisukari visivyopona, kwa waliovuta moshi wa jiko la mkaa chumbani, kwa nyama iliyoharibiwa na mionzi ya tiba ya saratani. Wagonjwa wangeweza kuja hata kutoka Bujumbura na Uvira. Ni hoja nzuri, na ina bei: wahudumu waliofunzwa, fundi, kiyoyozi, na ulinzi dhidi ya moto, kama Milan ilivyofundisha.

Wa pili wanasema mrudishe majini. Mshushe tena, presha ikibane kiputo, umpandishe taratibu. Wavunaji wa baharini huko Hawaii wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na Waaustralia wana utaratibu rasmi wa kuvuta oksijeni mita 9 chini. Lakini utaratibu huo unachukua saa nyingi, na maji hulinyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa. Mgonjwa atakuwa na baridi wakati wa kupanda, jambo lile lile lililowaangusha wale wa Florida. Anayerudishwa chini na hewa ya kawaida ya kompresa anajazwa nitrojeni upya. Akipoteza fahamu chini, amekwisha. Mimi nisingekubali kurudishwa.

Wa tatu wanaomba kidogo: mtungi wa oksijeni ndani ya kila boti ya mbizi, barakoa isiyovujisha, na simu ya daktari anayejua. Oksijeni tupu ikianza mapema, juu ya maji, inaanza kuifukuza nitrojeni kabla ndege haijapatikana. Tangu korona, hospitali nyingi za rufaa za mikoa zimejengewa mitambo ya kuzalisha oksijeni, kwa hiyo si bidhaa ya kuagiza mbali kama zamani. Ni kazi ya mwenye boti kununua mtungi na kuujaza.

Nawaunga mkono hawa wa tatu, bila kuwacheka wa kwanza. Chemba bila oksijeni botini ni chemba inayopokea watu waliokwisha kulemaa njiani. Na kabla ya mtungi huo kuna kamba, ambayo kila boti ya samaki wa mapambo tayari inayo, imefungwa mafundo kwa uangalifu mkubwa.

Biashara hii si ngeni. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha samaki hai kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1970, na mmoja wa samaki wa ziwa hili akapewa jina lake kitaalamu mwaka 1974. Kumpandisha samaki kwa vituo kumekuwa ujuzi wa mwambao huu muda wote huo.

Saa tano asubuhi pipa lilitoka majini. Samaki wote walikuwa hai, macho mahali pake, wakipepea mapezi kwenye beseni. Kijana akamaliza chai, akavaa mtungi, akagonga geji kwa kucha kwa kuwa ilisoma pungufu, akalikumbatia pipa tupu na kujitupa nyuma.

Nilikaa na saa mkononi. Mapovu yalikuja kwanza, kisha kichwa chake, dakika mbili na sekunde arobaini tangu mwenzake alipohisi kamba ikivutwa mara tatu kutoka chini. Pipa alikuwa ameliacha kwenye fundo la tano.